Kukesha na Okidi

Kuna swali moja la elimu ya mimea ambalo maabara haiwezi kulijibu, hata iwe na mashine za bei gani: nani huja kwenye ua hili? Unaweza kulipima ua kwa rula, kulichora, kulikausha, na kusoma vinasaba vyake herufi kwa herufi, na bado usijue ni mdudu yupi au ndege yupi anayebeba chavua yake. Jibu hupatikana pale tu mtu anapofunga safari hadi ua lilipo, akakaa. Akakaa kwa kweli, mvua inyeshe, mbu waume, na pengine usiku wa kwanza upite patupu, na wa pili pia. Watu wanaoifanya kazi hii ni wachache na majina yao hayasikiki redioni. Kwangu mimi ni mafundi wa daraja la juu, na nimependa kuwafuatia kupitia jenasi moja ya maua ambayo imewatesa na kuwalipa kuliko nyingi.

Jenasi hiyo ni Angraecum, okidi za upande wetu huu wa Bahari ya Hindi. Spishi zake zinahesabiwa kuwa 221 hivi, na karibu 142 kati yake zinaota Madagaska. Asilimia 90 ya hizo za Madagaska hazipatikani kwingine popote. Zilizobaki zimetawanyika Komoro, Réunion, Morisi na Afrika bara. Pwani ya Kenya na Tanzania tunayo mojawapo, aina ya Angraecum eburneum ambayo wataalamu wameiita giryamae, kwa jina la Wagiriama. Ni mimea inayokaa juu ya miti au kwenye miamba, majani yake magumu yamepangwa pande mbili, na maua yake kwa kawaida ni meupe au ya kijani kilichopauka. Nyuma ya kila ua huning'inia mkia, yaani mrija mwembamba uliozibwa kwa chini, na humo ndimo ua linamoweka nekta yake. Mkia huo ndio chanzo cha habari yote.

Mwezi wa Januari 1862, Charles Darwin alipelekewa nyumbani kwake Uingereza maua ya Angraecum sesquipedale, okidi ya misitu ya mashariki ya Madagaska. Aliyempelekea alikuwa James Bateman, mpenzi mkubwa wa okidi. Mkia wa ua hilo ulikaribia sentimita 30, na nekta ilikuwemo kwenye sentimita nne za mwisho tu. Watu wengi wanajua alichotabiri Darwin baada ya hapo: kwamba Madagaska lazima kuna nondo mwenye ulimi wa sentimita 25 hadi 28. Utabiri huo husimuliwa kana kwamba ulimjia kama ndoto. Mimi hunivutia zaidi alichokifanya mezani kabla ya kutabiri chochote.

Alichukua unywele mgumu wa mnyama, akauingiza kwenye mdomo wa mkia, akauvuta. Hakuna kilichotoka. Akajaribu sindano, hakuna kitu. Okidi hii haimwagi chavua yake kama unga wa mahindi: huifunga katika vifurushi viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na gundi yake, na vifurushi hivyo vilikataa kubanduka. Ndipo alipojiuliza kama si urefu peke yake unaotakiwa. Nondo mkubwa ana ulimi ulio mnene kwenye shina, na ili afikie tone la mwisho atalazimika kuusukuma hadi kichwa chake kigote kwenye ua. Darwin akatafuta kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita mbili na nusu hivi, akakisukuma kwa nguvu kupitia upenyo ulio mlangoni mwa mkia, akakitoa taratibu. Vifurushi vya chavua vikaja navyo vimenata. Kwa hiyo alipoandika katika kitabu chake cha Mei mwaka huohuo kwamba nondo huyo yupo, alikuwa ameshaiga kwa mkono wake mwenyewe jinsi nondo anavyosukuma. Alijua urefu wa ulimi, alijua unene wake, na alijua kwa nini ua lenye mkia mfupi kuliko ulimi wa mgeni wake linapata hasara: mgeni anakunywa akiwa mbali, hagusi gundi, anaondoka bila mzigo.

Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimcheka. Aliyemtetea ni Alfred Russel Wallace, na yeye pia alimtetea kifundi. Mwaka 1867 alieleza kuwa amepima ndimi za nondo waliohifadhiwa makumbusho. Mmoja wa Amerika Kusini alikuwa na ulimi wa zaidi ya sentimita 23. Mwingine, wa Afrika ya joto, nondo tunayemwita leo Xanthopan morganii, alikuwa na sentimita 19. Kutoka hapo hadi 28 si mbali. Wallace akawahimiza wasafiri waendao Madagaska wamtafute nondo huyo kwa imani ileile waliyokuwa nayo wanajimu walipoitafuta sayari ya Neptuni, iliyopatikana mwaka 1846 baada ya kupigiwa hesabu kwanza. Nondo wa Madagaska alielezwa rasmi mwaka 1903 na Walter Rothschild na Karl Jordan, wakampa jina la praedicta, yaani aliyetabiriwa. Darwin alikuwa amefariki miaka 21 nyuma. Mwaka 2021 watafiti walimpandisha cheo wakamtenga kuwa spishi kamili, na ulimi mrefu kuliko wote waliopimwa ukafikia sentimita 28.5.

Wengi husimamisha hadithi hapo. Lakini ukiitazama vizuri, hadi mwaka 1903 hakuna aliyekuwa ameona chochote. Kulikuwa na ua kwenye chungu na nondo kwenye pini, na urefu wao ulilingana. Kulingana si kukutana. Ilibidi isubiriwe miaka ya 1990, mtafiti wa Kijerumani Lutz Wasserthal alipokwenda Madagaska, akasimamisha hema kubwa la wavu, akawaweka humo nondo pamoja na okidi, na kukesha na kamera. Picha zake zinaonyesha Xanthopan akikunjua ulimi mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa, akiuelekeza mlangoni mwa mkia na kuuzamisha. Wasserthal hakuridhika na hema. Alitafuta pia nondo wa porini na kukagua ndimi zao kuona kama zimebeba vifurushi vya chavua, na vya okidi gani. Kwa njia hiyohiyo alionyesha kuwa Angraecum sororium, inayoota kwenye miamba mitupu ya nyanda za juu, ina nondo wake mwingine, Coelonia solani.

Katika kukesha huko Wasserthal alipata wazo lililomtofautisha na Darwin. Darwin alidhani ua na nondo walishindana: mkia ukirefuka, ulimi nao unarefuka, vizazi na vizazi. Wasserthal aliona jinsi buibui wawindaji wanavyojificha kwenye maua wakingoja mdudu atue. Nondo mwenye ulimi mrefu anaweza kunywa akiwa ananing'inia hewani, mbali na mtego. Huenda basi ndimi zilirefuka kwa sababu ya buibui, na okidi zikaja baadaye kujirekebisha kwa nondo ambaye tayari alikuwepo na ulimi wake mrefu. Yaani ua lilibadilisha mgeni, likahamia kwa aliyekuwa jirani. Mjadala huo haujafungwa, na mimi sioni haja ya kuufunga kwa haraka. Ninachokithamini ni kwamba wazo hili lisingezaliwa kwenye kabati la makumbusho, kwa sababu kabatini hakuna buibui.

Ufundi huu umefika kwetu pia. Mwaka 2007 Dino Martins wa Kenya na Steven Johnson wa Afrika Kusini walichapisha kazi yao juu ya okidi za Kenya zilizo ndugu wa Angraecum, za jenasi ya Aerangis, pamoja na Rangaeris amaniensis, ambayo jina lake linaturudisha Amani, kule Usambara. Walithibitisha kuwa wachavushaji ni nondo wa jamii hiyohiyo ya wenye ndimi ndefu. Lakini waliuliza jambo ambalo si wengi wangefikiria kuliuliza: je, nekta iliyomo kwenye mkia ina utamu mmoja toka juu hadi chini? Wakaipima kipande kwa kipande. Karibu na mdomo wa mkia nekta ni kama maji tu; kadiri unavyoshuka ndivyo sukari inavyoongezeka, na ncha ndiyo tamu kuliko kote. Sasa rudi mezani kwa Darwin. Yeye alihitaji nondo anayesukuma hadi mwisho, akasema atasukuma kwa kutaka tone la mwisho. Hawa wawili wameonyesha kuwa tone la mwisho ndilo linalostahili kusukumiwa. Miaka 145 imepita kati ya kijiti na kipimo cha sukari, na vinafuatana kana kwamba ni kazi ya wiki moja.

Baada ya yote haya, mtu angeweza kujiamini na kusema: nionyeshe mkia mrefu mweupe, nami nitakuambia ni nondo. Kuna sababu nzuri ya kutojiamini hivyo, nayo inaota Réunion. Ni Jumellea stenophylla, jamaa wa karibu wa Angraecum, yenye ua jeupe na mkia mrefu kama inavyotakiwa. Watafiti waliiwekea ulinzi. Wakafunika maua kwa mifuko ya wavu laini ili mdudu yeyote asifike, wakayaacha. Matunda yakafunga humohumo ndani ya mifuko. Okidi ile hujichavusha yenyewe. Mkia wake umebaki kama ushahidi wa maisha ya mababu zake.

Réunion ni kisiwa cha volkano, mashariki ya Madagaska, kilichoinuka kutoka baharini na ambacho hakijawahi kushikana na bara lolote. Kila kilichomo kilifika kwa kuruka, kuelea au kupeperushwa. Mbegu za okidi ni vumbi, upepo unazibeba bila taabu, kwa hiyo okidi zilifika, na nasaba zao zinaonyesha kuwa zilifika kutoka Madagaska zaidi ya mara moja. Nondo mwenye ulimi mrefu hasafiri kwa urahisi huo. Fikiria okidi iliyotua kwenye kisiwa kama hiki ikiwa na ua lililojengwa kwa ajili ya mgeni ambaye hapo hayupo, au huja kwa nadra. Jumellea ile ilijitegemea. Fungu moja la Angraecum lilitafuta wageni wapya.

Fungu hilo huitwa Hadrangis na lina spishi tatu tu, zote za visiwa vya Réunion na Morisi: Angraecum striatum, A. bracteosum na A. cadetii. Mikia yao ni mifupi na mipana, jambo lililoashiria mapema kuwa kuna kitu kimebadilika. Claire Micheneau wa Chuo Kikuu cha Réunion, pamoja na Jacques Fournel na Thierry Pailler, walianza na striatum. Ua lake ni jeupe kabisa, kama la nondo, lakini halina harufu, na usiku halikuvuta mtu. Nekta yake ni nyingi na nyepesi, na asubuhi ndipo inapojaa zaidi. Mwenye mazoea anasoma alama hizo mara moja: maji mengi, sukari kidogo, saa za mchana, harufu hakuna. Hiyo ni meza iliyotandikiwa ndege.

Tatizo ni kwamba ndege gani? Chozi, ambao huku kwetu ndio wafyonzaji maua, hawapo katika visiwa vile. Aliyekuja ni ndege mdogo wa kijivu ambaye wenyeji humwita kwa Kikreoli zwazo blan, Zosterops borbonicus, ambaye kwa kawaida hula wadudu na matunda na hutembea kwa makundi madogo yenye kelele. Alitumbukiza mdomo kwenye mkia mpana, akanyanyua kichwa, na vifurushi vya chavua vilikuwa vimenata juu ya mdomo wake. Mwaka 2006 taarifa hiyo ilipochapishwa, ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kuwa ndege anachavusha Angraecum. Miaka miwili baadaye ikathibitishwa kuwa bracteosum nayo ni ya ndege wa jamii hiyo, na hasa yule wa kijani ambaye Waréunion humwita zwazo ver.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye kazi ya mikono, kwa sababu kuona ndege peke yake hakutoshi. Mgeni anaweza kuja, akanywa, asichavushe chochote. Kwa hiyo fundi wa kazi hii huyagawa maua. Mengine huyafunika na kuyaacha, aone kama yatajizalisha. Mengine huyafunika kisha huyachavusha mwenyewe kwa kijiti, kwa chavua ya ua hilohilo. Mengine huyapa chavua ya mmea mwingine wa mbali. Mengine huyaacha wazi kwa wageni wa porini. Kila ua hupewa alama, kisha inasubiriwa miezi hadi matunda yakomae, na mbegu zitazamwe. Kosa dogo la mkono, kifurushi kilichoguswa bila kukusudia au mfuko uliopasuka, linaharibu hesabu ya msimu mzima, na msimu mwingine ni mwakani.

Na kisiwa hiki kina historia yake ya mikono ya namna hiyo. Ni Réunion hukohuko, mwaka 1841, ambako Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyezaliwa utumwani, alionyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Vanila ni okidi pia, iliyoletwa kutoka Amerika bila mdudu wake, na ilikuwa imekaa kisiwani miaka bila kuzaa matunda ya maana. Mwendo ule wa kidole alioubuni ndio wanaoutumia hadi leo wakulima wa Madagaska, Komoro, Uganda na Kagera, asubuhi kwa asubuhi, ua kwa ua. Sijui ufundi mwingine wa mikono ambao mtoto mmoja ameugawia ulimwengu kwa kiasi hiki, naye hakunufaika nao.

Turudi kwa Hadrangis. Ndugu wawili walishajulikana kuwa ni wa ndege. Mtu mwenye haraka angeandika kuwa na wa tatu ni hivyohivyo, akaenda zake. A. cadetii, iliyopewa jina kumkumbuka Thérésien Cadet, mtaalamu wa mimea wa Réunion, ina ua jeupe lenye ukijani, mkia mfupi, na mlango mpana kuliko kawaida. Ndege hawakuja. Mchana ulipita mtupu. Lakini chavua ilikuwa ikiondoka, na matunda yalikuwa yakifunga. Kulikuwa na mtu anayekuja gizani, naye hakuwa nondo, kwa maana nondo gani angejishughulisha na mkia mfupi namna ile?

Wakatega kamera inayoona usiku, wakairekodi okidi mahali ilipoota, kwenye msitu wa mvua wa La Plaine des Palmistes. Kilichonaswa kilikuwa nyenje. Ni mdudu asiye na mbawa, mwenye vipapasio virefu kupita mwili wake, akipanda taratibu kwenye majani ya okidi au akiruka kutoka mmea wa jirani. Anafika kwenye maua, anayapapasa, anayapita yaliyochakaa na kuchagua yaliyo mabichi. Kisha anaingiza kichwa. Kichwa chake kinakaribia kulingana kabisa na upana wa mlango wa mkia, na anapokitoa, vifurushi vya chavua vimegandia hapo. Wakapima muda wake: kwa wastani hukaa sekunde 16.5 kwenye ua, na aliyekaa zaidi alifika sekunde 41. Nondo au ndege hawakai hivyo. Wao hugusa na kwenda. Huyu anakula kwa utulivu.

Kwa msomaji wa Bukoba au Masaka jambo hili lina uzito wake. Nyenje huyu ni wa oda moja na senene na panzi. Tunawajua kama wala majani, wala mazao, na senene wenyewe tunawala. Walikuwa wanajulikana pia kama waharibifu wa maua: hutafuna petali, hula chavua, huacha vipande. Kwamba mmoja wao anakunywa nekta kwa ustaarabu na kubeba chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine, hilo halikuwa limewahi kuthibitishwa wazi kwa mmea wowote wenye maua wa zama hizi. Na nyenje mwenyewe hakuwa na jina. Sayansi haikuwa imemwona. Mwaka 2010 aliitwa Glomeremus orchidophilus, mpenda okidi, na katika mwaka huohuo taarifa ya kazi yake ikachapishwa.

Video ya ajabu ingetosha kuwapa sifa. Wao waliendelea kuhesabu. Pale La Plaine des Palmistes, asilimia 46.5 ya maua yalikuwa yamechukuliwa chavua, na asilimia 27.1 yalikuwa yamewekewa chavua kwenye stigma. Walipozunguka sehemu nyingine za kisiwa, maua yaliyofunga matunda yalikuwa kati ya asilimia 11.9 na 43.4, kutegemea mahali. Wakathibitisha pia kwamba ua linaweza kukubali chavua yake lenyewe, lakini bila mgeni wa kuileta halizai. Takwimu hizo ndizo zinazomtoa nyenje katika kundi la vituko na kumweka kwenye kazi: bila yeye, okidi ile pale haipati mbegu. Mimi nikisoma taarifa ya kisayansi na kukuta mtu amejizuia kushangilia mpaka ahesabu matunda, humpa heshima yangu yote.

Nusu ya pili ya ufundi huu hufanyika mbali na msitu. Ukishajua nani huja wapi, bado hujajua nani alitangulia. Je, maua ya ndege yalizaliwa na maua ya nondo, au kinyume chake? Kwa hilo unahitaji mti wa ukoo, na mti hujengwa kwa vipande vya jani vilivyokaushwa haraka ndani ya chembe za silika, vikasagwa, vikatolewa vinasaba. Herufi za jeni moja zinapangwa mstari juu ya mstari, spishi kwa spishi, na macho ya mtu lazima yapitie yalipopishana. Mafundi hawa hawaamini chanzo kimoja. Jeni za kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kwa upande wa mama. Zinasimulia nusu ya familia. Kwa hiyo huongeza vinasaba vya kiini cha seli, ambavyo vina pande zote mbili, na kuona kama ushahidi unakubaliana.

Kazi kubwa ya aina hii kwa Angraecum ilitolewa mwaka 2016 na Herinandrianina Andriananjamanantsoa na wenzake. Walikusanya spishi 194 za Angraecum na jamaa zake, 69 kati yake zikisomwa kwa mara ya kwanza, wakaweka pamoja jeni tatu za kloroplasti, kipande kimoja cha kiini, na sifa 39 za maumbile zinazoonekana kwa jicho. Kisha wakachukua mpangilio wa Leslie Garay wa Harvard, aliyeigawa jenasi mwaka 1973 katika mafungu 19, wakaupitisha kwenye mti.

Matokeo yalikuwa magumu kwa jicho lililozoea maua. Rangi ya ua, ukubwa wake na urefu wa mkia, sifa ambazo wataalamu wa vizazi kadhaa walizitegemea kugawa koo, hazikutosha kugawa. Maua meupe yenye mikia mirefu yalitoka nyumba mbalimbali, kwa kuwa nondo wenye ndimi ndefu wamekuwa wakiyavuta maua ya koo tofauti kuelekea umbo lilelile. Na jina Angraecum lenyewe, kwa maana yake pana, lilikuwa limefunika koo zisizo za mzazi mmoja. Kilichosaidia kuzitenga koo zilizo za kweli ni sifa ambayo mtu angeipita bila kuitazama mara mbili: mdomo wa ua, yaani ile petali yake moja iliyo tofauti na nyingine, umekaa juu au chini. Kwa sesquipedale uko chini. Kwa eburneum, na kwa hiyo kwa giryamae ya pwani yetu, uko juu, kama ua lililopinduliwa. Yeyote anayepita kwenye vichaka vya pwani msimu wa maua anaweza kuuthibitisha kwa macho yake bila kifaa chochote.

Mti huo ulisema jambo jingine ambalo limenikaa. Jenasi yenye spishi nyingi namna hii na maumbo mengi namna hii hualika hadithi ya mlipuko: kwamba zama moja, kwa ghafla, spishi zilifumuka. Hesabu zilikataa. Spishi za Angraecum zilijilimbikiza polepole, moja baada ya nyingine, katika muda mrefu, bila kishindo.

Na yale mafungu ya Garay? Yote yaliyopimwa yalivunjika kwenye mti, isipokuwa moja. Lililosimama ni Hadrangis. Spishi zake ni ndugu wa kweli, wa mzazi mmoja, kama wataalamu walivyohisi kwa kutazama maua tu. Ndugu hao wanaotegemea ndege wa kijivu, ndege wa kijani na nyenje asiye na mbawa wana damu moja, wakati kwenye mafungu mengine maua yanayofanana kama mapacha yamegundulika kuwa si ndugu wa karibu. Na ukijua hivyo, weupe wa striatum unaeleweka: ndege wa mchana hahitaji ua jeupe, anayelihitaji ni nondo wa usiku, na rangi hiyo imebaki katika ukoo huo tangu siku ambazo mababu zake walikuwa bado wanamngoja nondo.